Maumivu ya Hedhi kwa Binti Zetu

Habari tuiandikayo mwezi huu ni habari ambayo katika nyumba nyingi haisemwi mezani, wala haisemwi baba akiwapo. Mama humnong'oneza binti, bibi huambiwa jikoni, na mwalimu wa kiume hujifanya hakusikia. Nasi tulipoazimia kuiandika tulifikiri sana, maana twajua wako watakaokunja uso. Walakini tumeona watoto wakiumia kwa sababu ya ukimya huo. Basi twaomba ukurasa huu usomwe na baba pia, na mwalimu pia, si mama peke yake.

Katika shule moja ya sekondari, mwendo wa saa moja hivi kwa baiskeli kutoka mjini Bariadi, alikuwako msichana wa kidato cha tatu, mwenye akili, hasa katika hesabu. Kila mwezi alikosa masomo siku mbili, pengine tatu. Mwalimu wa zamu aliliona jina lake katika daftari la mahudhurio, akahesabu, akasema, "Huyu amezoea utoro." Akampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya madarasa. Kumbe siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake ya kwanza ya mwezi. Alifyeka kidogo, akatapika, akaanguka chini, na wenzake wakamchukua mikononi mpaka kivulini.

Kule nyumbani kwao neno hili lilikuwa la zamani. Mama yake alisema, "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ni chango tu, akizaa yatakwisha." Bibi yake hakukubali. Alikumbuka kuwa mjukuu wake alipovunja ungo hakuumwa hata kidogo kwa muda wa mwaka mzima. Maumivu yalianza mwaka wa pili, baada ya ugomvi na jirani juu ya mpaka wa shamba la pamba. Kwa bibi hesabu ilikuwa wazi: mtoto ametupiwa kitu. Baba akauza mbuzi wawili, wakaenda kwa mtu wa dawa, na mtoto akachanjwa chale tumboni. Mwezi uliofuata maumivu yakarudi kama kawaida yake.

Hatusimulii habari hii ili kuwacheka wazee hao. Kila mmoja alitumia akili yake kwa kadiri ya aliyoyajua: mwalimu alitazama daftari, mama aliukumbuka mwili wake mwenyewe, bibi alilinganisha nyakati. Tena twakiri kwamba bibi ndiye aliyeona neno la maana kuliko wote, ila alilifasiri vibaya. Kwa nini mwaka wa kwanza usiwe na maumivu, na wa pili uwe nayo? Swali hili lina jibu, nasi tutalifikia.

Mji wa mimba ni mfuko wa nyama, mdogo kama pera. Kila mwezi ukuta wake wa ndani hujitandika utando laini wenye damu nyingi, ukingojea mimba. Mimba isipotunga, utando huo huvunjika na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Unapovunjika hutoa vitu ambavyo wataalamu huviita prostaglandini. Kazi yake ni kuuamuru mji wa mimba ujikaze, usukume utando upate kutoka. Kujikaza huko ni jambo jema la maumbile, wala wanawake wengi hawakuoni sana. Lakini kwa wengine vitu hivyo hutoka vingi kupita kiasi, na mji wa mimba hujikaza kwa nguvu hata kuibana mishipa yake yenyewe ya damu. Nyama iliyobanwa hata ikakosa damu huuma, kama kidole kilichofungwa uzi kinavyouma. Basi maumivu haya si deko, wala si uvivu.

Tena sehemu ya vitu hivyo huingia katika damu na kusafiri. Vikifika matumboni huleta kuhara na kichefuchefu na kutapika; huleta kichwa kuuma, na kizunguzungu, na uchovu wa mwili mzima. Maumivu yenyewe huanza chini ya kitovu, hushuka mapajani na kuzunguka kiunoni, na kwa kawaida hudumu kutoka saa 8 mpaka siku 3, kisha huisha yenyewe. Ni wasichana wangapi wamemezeshwa dawa ya malaria bila kupimwa, kwa kuwa walitapika wakalala! Msichana akiwa na homa na apimwe, kwani malaria hujulikana kwa kipimo. Lakini atapikaye kila mwezi siku ile ile, bila homa, huyo ana habari nyingine.

Sasa twarudi kwa swali la bibi. Msichana anapovunja ungo, mwili wake bado wajifunza. Miezi ya kwanza mara nyingi yai halipevuki, ingawa damu yaonekana. Na yai lisipopevuka, vitu vile vya kukaza hutoka vichache. Yai linapoanza kupevuka kila mwezi, yaani baada ya miezi 6, pengine mwaka mmoja au miwili, ndipo maumivu huanza. Hivyo binti aliyekaa mwaka mzima kwa amani, akaja akaanza kuumwa, hakutupiwa kitu na jirani. Mwili wake umekomaa, basi.

Naye mama hakusema uongo. Wako wanawake ambao maumivu yao hupungua baada ya kuzaa. Wako wengine ambao hayapungui. Lakini mtoto wa miaka 16 akiambiwa kila mwezi kwamba dawa yake ni kuzaa, neno hilo laweza kumfungulia mlango wa ndoa ya mapema, nalo si neno la kumpa mtoto.

Wala mtu asidhani kwamba ujinga huu ulikuwa wetu peke yetu. Zamani huko Ulaya madaktari wengi waliwaambia wanawake kuwa maumivu yao ni ya mawazo tu. Ni mwaka 1957 mtaalamu mmoja Mwingereza, jina lake Pickles, alipoonyesha kwamba ndani ya damu ya hedhi mna kitu chenye nguvu ya kukaza nyama. Mwaka 1971 mtaalamu mwingine wa Uingereza, John Vane, alionyesha kuwa aspirini na dawa za jamaa yake huuzuia mwili usizitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Twayataja mambo haya kwa sababu moja: yatuonyesha kwamba dawa hizo hazifuniki maumivu tu, bali huufunga mfereji kabla maji hayajajaa nyumba. Na mfereji ufungwao kwa kuchelewa, maji yamekwisha kuingia.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa la msichana wetu. Alipopelekwa zahanati, muuguzi, mama wa makamo, hakuanza na dawa. Alimkalisha karibu naye, akamwuliza, "Mwanangu, maumivu huanza saa ngapi? Nawe humeza nini, na lini?" Msichana akajibu kwamba huanza alfajiri, naye hujikaza, yakimshinda, jioni au siku ya pili, huomba kidonge kimoja cha panadol kwa mama, akakimeza bila kula. Muuguzi akasema, "Basi hujapata kutibiwa hata siku moja. Umemeza dawa kidogo, tena umechelewa."

Dawa aliyopewa ni ibuprofeni, ambayo yapatikana katika zahanati nyingi na katika maduka ya dawa muhimu, nayo si ya bei kubwa. Msichana mkubwa au mwanamke humeza mg 400, yaani vidonge viwili vya mg 200, mara tatu kwa siku, baada ya kula. Huanza mara tu aonapo dalili ya kwanza, asingoje kuzidiwa. Na yule ambaye siku zake hazipotei hesabu aweza kuanza siku moja kabla. Huendelea siku mbili au tatu, kisha huacha. Asipite mg 1200 kwa siku bila amri ya daktari. Msichana mdogo, mwenye mwili mwembamba, na aulize kwanza kipimo chake kwa muuguzi. Ziko dawa nyingine za jamaa hiyo, kama diklofenaki, lakini mtu asichanganye mbili za jamaa moja, akidhani ataongeza nguvu. Ataongeza madhara tu.

Tena dawa hizi si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo asizimeze, wala mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayochochewa na aspirini, wala mwenye mimba. Mwenye sikoseli, ugonjwa ambao kwetu Kanda ya Ziwa si wa wachache, asijitibu mwenyewe bali amwulize daktari wake, hasa akiona maumivu ya mifupa yanamjia pamoja na ya hedhi. Hao waweza kumeza parasetamoli, ndiyo panadol. Nguvu yake kwa maumivu haya ni ndogo zaidi, walakini yasaidia, mradi isizidi vidonge 8 vya mg 500 kwa siku kwa mtu mzima. Aspirini wasipewe watoto walio chini ya miaka 16.

Kuna dawa isiyonunuliwa, nayo ni joto. Mwaka 2001 ilichapwa habari ya jaribio lililolinganisha joto la nyuzi 39 hivi, lililowekwa tumboni mchana kutwa, na vidonge vya ibuprofeni. Likaonekana kuwa joto halikushindwa na dawa. Basi bibi zetu waliotia maji ya moto katika chupa walikuwa na haki. Chukua chupa ngumu, si ile nyembamba ya maji ya dukani inayojikunja; tia maji ya moto yasiyochemka, funga sana, izungushie kanga, uiweke chini ya kitovu. Asiye na chupa na achovye kitambaa katika maji ya moto, akikamue, akiweke, akibadili kinapopoa. Mtu asilale nayo usingizini, kwani tumewaona walioungua ngozi.

Tangawizi katika chai imejaribiwa na wataalamu katika nchi kadha wa kadha, na wengine wameona faida. Kutembea, au kunyosha mwili kwa upole, nako husaidia, ijapokuwa atakaye kulala na aachwe alale. Chakula kisiachwe: uji wa mtama asubuhi wafaa sana, maana dawa yataka tumbo lenye kitu. Kuhusu ndimu, na maji baridi, na sukari, ambavyo msichana hukatazwa asije akaongeza chango, tusibishane. Anywe na ale kama siku zote. Ila dawa za kuingiza ukeni, ziwe za majani au za unga, hizo twasema wazi kuwa zina hatari, nazo zimeleta vidonda na magonjwa ambayo hayakuwapo.

Na kuchota maji? Mikoa yetu hii ni mikavu, na ndoo ya lita 20 kichwani ni kazi ya binti karibu kila nyumba. Hatusemi kwamba ndoo yaleta maumivu. Twasema tu kwamba siku ile ya kwanza kaka yake ana kichwa pia.

Tumesema habari za maumivu ya kawaida, ambayo hayana ugonjwa ndani yake. Lakini yako maumivu mengine, nayo yapasa kutengwa, kwa kuwa mama akizoea kusema "ni chango tu" aweza kulipita jambo kubwa.

Maumivu yaanzayo katika umri wa miaka 25 au 30 kwa mtu ambaye hakuwa nayo, au yazidiyo mwaka hata mwaka. Yasiyoisha damu ikiisha. Yanayokuja na homa au uchafu wenye harufu. Damu nyingi hata pedi au kitambaa kulowa kabisa kila saa. Damu baada ya kukutana na mume. Maumivu wakati wa tendo hilo, au wa haja kubwa: hayo yote ni ya kupeleka kwa daktari. Mwanamke aliyekosa siku zake, kisha akashikwa ghafula na maumivu makali upande mmoja, akaona kizunguzungu, asingoje hata asubuhi. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, nayo huua. Na yuko binti wa miaka 14 au 15 aumwaye kila mwezi wala haoni damu. Huyo pengine njia yake imezibwa na ngozi tangu kuzaliwa, na damu yajikusanya ndani. Upasuaji mdogo humponya. Tumesikia wasichana wa namna hiyo wakishutumiwa kwamba wana mimba, kwa kuwa tumbo limevimba.

Kwa nchi yetu ya Usukuma twaongeza neno moja ambalo halisemwi vya kutosha: kichocho. Watu wengi hudhani kuwa kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa wavulana wanaooga malamboni. La, wasichana nao huingia majini, kufua na kuchota. Na mayai ya mdudu yule hukwama katika mlango wa mji wa mimba na ukeni, yakaleta vidonda, na maumivu ya tumbo la chini, na damu isiyo ya mwezi, pengine na utasa. Wengi wenye ugonjwa huu hudhaniwa kuwa wana ugonjwa wa zinaa, wakaona aibu, na nyumba zao zikaingia fitina bila kosa. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wapewayo watoto shuleni, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Aliyekulia karibu na lambo na amweleze daktari hivyo, hata asipoulizwa.

Ugonjwa mwingine waitwa endometriosi. Hapo utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba huota mahali pengine, juu ya vifuko vya mayai ya uzazi au matumboni, nao huvimba na kuuma kila mwezi. Shirika la Afya la Dunia lasema kuwa mwanamke 1 kati ya 10 hivi walio katika umri wa kuzaa anao, na wengi hukaa miaka mingi kabla haujatambuliwa. Katika Tanzania jina lililoutangaza ni la Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001. Yeye alisimulia mbele ya watu wote kwamba aliumwa tangu umri wa miaka 13, akapasuliwa zaidi ya mara kumi, akalia kwa kutopata mtoto. Na mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Huenda wako wasomaji wasiopenda mashindano ya urembo, nasi hatuyatetei hapa. Lakini mwanamke huyu alisema lililowashinda wengi kusema, na wasichana wengi walijitambua kwa kumsikiliza.

Kwa hiyo ikiwa msichana ametumia dawa vizuri, kwa kipimo na kwa wakati, miezi mitatu, wala hakuona nafuu, asiambiwe avumilie. Zahanati itampeleka mbele: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa hapa Bariadi, na ikibidi Bugando kule Mwanza. Pengine daktari atampa vidonge vya homoni, vile vile vitumiwavyo katika uzazi wa mpango, kwa kuwa huufanya utando ule uwe mwembamba na maumivu yapungue. Twajua kuwa neno hili laweza kuleta msukosuko nyumbani. Mzazi akiona vidonge hivyo katika mfuko wa binti, aulize kwanza, asipige kwanza. Dawa ya maumivu ni dawa ya maumivu.

Kwa waalimu tuna hesabu fupi. Msichana akosaye siku 2 kila mwezi, kwa miezi 10 ya masomo, amekosa siku 20 katika mwaka ambao siku zake za masomo hazifiki 200. Ni moja katika kumi. Na mtihani wa kidato cha nne, ufanywao mwezi wa Novemba, hautamngoja siku zake zipite. Ndiyo sababu inafaa awepo mwalimu wa kike ambaye msichana aweza kumwendea bila kueleza mbele ya darasa, na mahali pa kulala saa moja, na maji ya moto. Mahali pasipo na mwalimu wa kike, mke wa mwalimu mmoja aweza kuombwa. Pedi nazo ni ghali kwa nyumba nyingi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu yake mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019, kwa kuwa bei dukani haikushuka kama ilivyotumainiwa. Vitambaa safi vyafaa pia, mradi vianikwe juani. Twaona vingi vikifichwa chini ya godoro vikiwa vibichi, kwa sababu ya haya, na huko huleta muwasho na harufu.

Msichana wetu je? Mwezi wa kwanza baada ya zahanati alisahau, akameza adhuhuri, akaumwa. Mwezi wa pili alikunywa uji alfajiri akameza dawa, akaenda shuleni saa nne, akakaa mpaka jioni. Mwalimu yule wa zamu, ambaye jina lake hatulitaji, alimwita ofisini akamwomba radhi, jambo lisilo rahisi kwa mtu wa cheo chake. Siku hizi chupa ya chai ya mkewe hukaa katika kabati la ofisi, na wasichana wanajua.

Muuguzi alimwagiza aweke alama katika kalenda, lakini nyumbani hapakuwa na kalenda. Bibi akasema, "Niachieni mimi." Hajui kusoma, ila ana kibuyu kidogo, na kila asubuhi hutia humo punje moja ya choroko. Zikifika punje 27 humwita mjukuu wake jikoni na kumwambia, "Kesho ule mapema."